Shehena mpya ya santuri imeingia dukani: uchukue ipi?

Msomaji mmoja ananiuliza hivi: duka analonunulia santuri limepokea mzigo mpya. Upande mmoja zimepangwa albamu mpya za wanamuziki wa leo. Upande wa pili ni albamu za zamani zilizochapwa upya, kila moja imebandikwa sifa zake: gramu 180, masta mpya, nakala chache, sahani ya rangi. Kati ya hizo ipo albamu aliyoisaka kwa miaka, na kwenye kreti la mitumba dukani humo humo ipo nakala kuukuu ya albamu ile ile, ya chapa ya kwanza. Mfuko wake unaruhusu sahani mbili tu. "Hivi vibandiko vinaniambia nini hasa," anauliza, "na nitajuaje kama ya marudio inalia vizuri kuliko ile kuukuu?"

Nimefungua maboksi ya namna hiyo miaka mingi, kwanza kama mnunuzi, baadaye nikiwa nyuma ya kaunta, na nitakujibu kama ninavyowajibu wanaosimama mbele yangu wameshika sahani mbili, moja kila mkono. Vibandiko kwanza, maana ndivyo vinavyokimbilia machoni, na tutavimaliza upesi.

Gramu 180 ni uzito wa plastiki, basi. Sahani ya kawaida ina gramu 120 hadi 140 hivi. Hiyo nyingine imeongezwa unene. Sindano haina habari na unene. Inasafiri ndani ya mfereji mwembamba kama unywele, na mfereji huo una kina kile kile sahani iwe nene au nyepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya RCA ilitoa sahani nyembamba zilizoitwa Dynaflex, ambazo ukizishika kwa ukingo zinapepea kama karatasi. Watu walizicheka sana. Lakini nyingine zilikatwa na mafundi hodari, na hadi leo zinalia vizuri kuliko sahani nzito ambazo fundi wake alikuwa na haraka. Uzito unapendeza mkononi, sikatai. Unaweza hata kusaidia sahani isipinde, ingawa nimeshafungua sahani nzito zilizopinda kama bakuli.

Rangi ni pambo. Zamani zilikuwa na kelele kuliko nyeusi. Siku hizi kiwanda kizuri kinakupa rangi isiyo na mchakacho wowote. Jihadhari na moja tu: sahani ya picha, ile yenye sura ya msanii ndani ya plastiki yenyewe. Hiyo ni karatasi iliyofunikwa na utando mwembamba, na muziki uko kwenye utando. Nunua ya kutundika ukutani.

"Nakala chache" bila idadi ni maneno tu. Chache kuliko nini?

Kinachobaki ni "masta mpya", na hapa tukae kidogo, kwa sababu kibandiko hiki ndicho chenye maana kubwa na ndicho kinachopotosha zaidi. Kufanyiwa masta upya maana yake ni kwamba mtu fulani amechukua rekodi fulani na kuipangia upya uwiano wa besi, sauti za kati na sauti kali. Mtu gani? Rekodi ipi? Kibandiko kinanyamaza. Anaweza kuwa fundi aliyekaa na kanda mama, ile ya asili iliyotoka studio, usiku kucha. Anaweza pia kuwa mtu aliyechukua faili la CD, akalibana mpaka ngoma na mnong'ono vikawa na nguvu sawa, akaenda nyumbani mapema.

Kwa hiyo ninapoipima santuri ya marudio naitafutia nasaba. Sauti hii imetoka wapi, na imepita mikononi mwa nani mpaka ikafika hapa?

Nasaba yenyewe huwa hivi. Muziki unaanza kwenye kanda au kwenye faili. Fundi anaupitisha kwenye mashine ya kukatia, na ncha ya mashine hiyo inachonga mfereji mmoja mrefu juu ya sahani ya alumini iliyopakwa laka. Sahani hiyo hunyunyiziwa fedha, kisha hupakwa nikeli kwa umeme. Nikeli ikibanduliwa inakuwa na matuta pale palipokuwa na mifereji. Kutoka hapo hupatikana mihuri ya chuma inayoibana plastiki ya moto, na plastiki ikipoa ndiyo santuri. Kila hatua inaweza kupoteza kitu. Hakuna hata moja inayoweza kurudisha kilichokosekana mwanzo.

Ndiyo maana nakala ya chapa ya kwanza ina heshima yake: ilikatwa kanda ikiwa bado mbichi, mara nyingi na watu waliokuwepo au waliojua waliorekodi walitaka nini. Lakini usiifanye dini. Chukua albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis ya 1959, Kind of Blue, ambayo karibu kila duka la santuri duniani huwa nayo. Siku ya kurekodi nyimbo tatu za upande wa kwanza, mashine kuu ya kanda ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Kanda ilipochezwa kwa kasi sahihi, muziki ukapanda juu kidogo ya ulivyopigwa. Nakala zote za kwanza zina kosa hilo. Wapiga tarumbeta walioizoea kwenye santuri na kujaribu kuifuatisha walibaki wakijiuliza kama ala zao zimeharibika. Mpaka 1992 ndipo ilipotumika kanda ya akiba, iliyorekodiwa na mashine ya pili siku hiyo hiyo, na kasi ikakaa sawa. Hapo anayeshikilia chapa ya kwanza ana kitu cha thamani, ila anayetaka kusikia walichokipiga wanamuziki wale anahitaji toleo la marudio.

Tatizo kubwa ni kwamba kanda nazo huzeeka, na nyingine hazipo tena. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa kwa gundi inayofyonza unyevu. Ukizicheza hivi hivi zinanata kwenye vichwa vya mashine na unga wa sumaku unabanduka, muziki ukiwa humo. Mafundi huzioka kwanza, kweli kabisa, kwenye joto dogo la nyuzi 54 hivi kwa saa kadhaa, ndipo zipate nguvu ya kuchezwa na kunakiliwa kabla hazijarudia hali yake. Nyingine zilifutwa ili kurekodia juu yake. Nyingine ziliungua: tarehe 1 Juni 2008 moto kwenye studio za Universal huko Hollywood uliteketeza ghala lililokuwa na kanda za muziki, na ukubwa wa jambo hilo ulikuja kuanikwa magazetini mwaka 2019.

Kanda ikikosekana, mara nyingi mtoa marudio anabaki na njia moja: atafute santuri ya zamani iliyo safi, aicheze, ainakili, aisafishe kwa kompyuta, kisha akate sahani mpya kutoka hapo. Muziki mwingi wa Afrika wa miaka ya 1960 na 1970 umerudi sokoni kwa njia hii, na bila njia hii tusingeusikia kabisa. Siioni kuwa dhambi, mradi waseme.

Wasiposema, sikio lako linaweza kuwakamata. Niliwahi kununua mkusanyiko wa nyimbo za zamani wenye jalada zuri ajabu, kijitabu ndani, karatasi nzito, na maneno "kutoka kwenye kanda za asili" yameandikwa kwa herufi ndogo nyuma. Wimbo wa tatu ulikuwa na mkwaruzo: tk, tk, tk. Nikaipangusa sahani, wapi. Nikaitazama chini ya taa, haina alama hata moja. Nikachukua saa nikahesabu. Sahani ya mizunguko 33⅓ kwa dakika huzunguka mara moja kila sekunde 1.8, kwa hiyo kama mkwaruzo ungekuwa kwenye sahani yangu, ungelia kila sekunde 1.8. Wangu ulikuwa unalia kila sekunde 1.3 na ushei. Hiyo ni kasi ya sahani ndogo ya mizunguko 45. Yule bwana alinakili wimbo kutoka kwenye sahani ndogo yenye mkwaruzo, akauita kanda ya asili. Hesabu hii haikosei, na haihitaji vifaa.

Sasa turudi dukani. Sahani ya marudio imefungwa nailoni, huwezi kuisikiliza. Geuza jalada, soma maandishi madogo ya nyuma, chini kabisa. Mtoa marudio aliyefanya kazi nzuri huwa hawezi kunyamaza: atamtaja fundi aliyefanya masta, aliyekata laka, mara nyingi na kiwanda. Atasema wazi "imekatwa kutoka kanda mama". Ukikuta "kutoka chanzo bora kilichopo", huyo ni mkweli anayekiri kwamba kanda haikupatikana, mheshimu. Ukikuta kimya, na hasa ukikuta hakuna hata kijistari kinachotaja mwenye haki ya rekodi, punguza mapenzi.

Kuna aina moja ya kimya inayofaa kuelezwa, kwa sababu inajaza makreti. Katika Umoja wa Ulaya, rekodi zilikuwa zinalindwa kisheria kwa miaka 50. Mwaka 2011 waliamua kuongeza hadi 70, lakini zilizokuwa zimeshatoka kwenye ulinzi hazikurudishwa. Matokeo yake, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 ni mali ya umma huko, na mtu yeyote anaweza kuzichapa bila kumwomba ruhusa aliyerekodi. Ndiyo sababu albamu moja ya jazi ya miaka ya 1950 unaikuta imetolewa na kampuni saba tofauti. Ni halali pale zinapochapwa. Lakini kanda mama bado ziko kwa wenyewe, hazikuhama pamoja na sheria, kwa hiyo nyingi za sahani hizo zimekatwa kutoka kwenye CD. Zingine zinasikika vizuri tu. Ila unachonunua ni CD iliyovaa koti la santuri, na ungejua hivyo huenda ungenunua CD yenyewe.

Hapo wengine watadakia kwamba dijitali ndiyo mchawi. Sikubaliani nao. Mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity ya Marekani, kampuni inayosifika sana miongoni mwa wapenda sauti safi, ilikuwa inapitisha matoleo yake mengi kwenye hatua ya dijitali kabla ya kukata, ilhali wateja waliamini ni analogi, yaani haikugeuzwa faili la kompyuta, kuanzia kanda hadi sindano. Watu walikasirika, wakaenda mahakamani, na kwa haki: ukiuziwa kitu uelezwe ni kitu gani. Lakini sahani hizo hizo walikuwa wamezisifia kwa miaka, masikio yao yakiwa wazi. Kunakili kanda kwa dijitali iliyo bora hakuuharibu muziki. Kinachouharibu ni kuubana ili upige kelele.

Ile nakala kuukuu yenyewe iko wazi, kwa hiyo unaweza kuisoma. Itoe kwenye mfuko wake, ushike ukingo na katikati tu, uinamishe chini ya taa. Kati ya mwisho wa mfereji na lebo, ile karatasi ya duara ya katikati, kuna ukanda mtupu, na humo utaona namba ya toleo na vijiherufi vilivyochongwa kwa mkono au kupigwa muhuri. Wengi hawajui kama vipo. Ndiyo sahihi ya mkataji. Neno "VAN GELDER" maana yake sahani ilikatwa na Rudy Van Gelder, ambaye ndiye aliyerekodi sehemu kubwa ya jazi ya kampuni ya Blue Note. "BG" huwa ni fundi mwingine, Bernie Grundman. Herufi "RL" kwenye albamu ya pili ya bendi ya roki ya Led Zeppelin, ya 1969, ni za Robert Ludwig: aliikata kwa nguvu mpaka sindano za gramafoni za bei rahisi zikawa zinaruka, kampuni ikaogopa, ikaagiza ikatwe upya kwa upole. Leo watu wanapigania zile zilizorukisha sindano.

Hata sahani iliyofungwa unaweza kuijua herufi zake. Tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina maelfu ya watu wasio na kazi nyingine (nami nimo) wanaonakili vijiherufi hivi kwa kila toleo, pamoja na malalamiko yao. Tafuta namba iliyo kwenye mgongo wa jalada, siyo jina la albamu, kwa sababu albamu moja inaweza kuwa na matoleo mia.

Kisha pima uchakavu. Kijistari kinachoonekana lakini ukucha haukihisi, mara nyingi hakisikiki au kinasikika kidogo. Kinachoshika ukucha kitalia. Mistari mingi ya kijivu kuzunguka tundu la katikati inaonyesha kwamba aliyekuwa nayo aliiweka mara nyingi, gizani, pengine karamuni. Na kama mifereji yenyewe imegeuka kijivu badala ya weusi unaong'aa, sindano nzito imekwisha kuila; hiyo haisafishiki, itakwaruza kila mwimbaji anapopandisha sauti. Vumbi na alama za vidole ni kitu kingine kabisa. Hizo zinaoshwa, zisikutishe.

Albamu mpya za leo zina hesabu tofauti, na fupi. Karibu zote zimerekodiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo usitafute kanda. Tazama dakika. Upande mmoja wa santuri hukaa vizuri na dakika 18 hadi 22. Ukizidisha sana, mkataji analazimika kubana mifereji na kushusha sauti, na besi ndiyo inayolipa. Albamu ya dakika 55 iliyosukumiwa kwenye sahani moja ningeifikiria mara mbili. Ikiwa kwenye sahani mbili, wamekujali. Pia tazama kilichowekwa mwisho wa kila upande. Pembeni mwa sahani mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde; karibu na lebo ni 21 tu. Nafasi ya kuandikia sauti imepungua kupita nusu, na hapo ndipo herufi "s" za mwimbaji huanza kutema mate. Wapangaji wenye akili huweka wimbo mtulivu mahali hapo.

Lakini albamu mpya ina jambo moja ambalo ya marudio haina: ya msanii mdogo huchapwa mara moja, mamia machache, na huenda isirudi. Viwanda si vingi, na foleni huweza kuwa ndefu. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters huko California kiliungua, na kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani za laka za kukatia. Miaka miwili baadaye, Marekani ikauza santuri nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987. Katika foleni ya namna hiyo, albamu maarufu ya zamani itachapwa tena mwakani, na mwaka wa baada yake, pengine kwa rangi nyingine. Ya yule kijana aliyejilipia mwenyewe nakala zake, sidhani.

Basi mikononi mwako ningepanga hivi. Ya kwanza kuchukua ni ile albamu mpya unayoipenda kutoka kwa msanii asiye na kampuni kubwa nyuma yake. Ya pili iamuliwe na maandishi ya nyuma ya jalada: kama toleo la marudio linamtaja mkataji na kanda, lichukue, uiache ile kuukuu hata kama mwenye duka anaitazama kwa majonzi. Kama halisemi kitu, na ile kuukuu mifereji yake bado inang'aa, chukua kuukuu uende ukaioshe.

Ukifika nyumbani ifungue ile mpya siku hiyo hiyo. Wapo wanaoziacha kwenye nailoni miaka, na nailoni inaendelea kujikaza kidogo kidogo mpaka inaipinda sahani. Weka sindano karibu na mwisho wa upande, kisha usisikilize, tazama mkono wa gramafoni. Ukiona unakwenda kushoto na kulia kwa kila mzunguko, tundu halikutobolewa katikati, na kila nota ndefu ya piano itayumba kama mlevi. Irudishe na risiti. Kibandiko cha gramu 180 kikate pamoja na kipande cha nailoni yake ukitie ndani ya jalada. Mimi ninavyo bahasha nzima.